Mioto Miwili ya Nyakahura

Watu wa siku hizi wakisikia kwamba mfungwa wa maisha anadai haki, hucheka. Nimewasikia kwa masikio yangu, hata nje ya kanisa baada ya misa: eti muuaji naye ana haki gani, ashukuru anakula bure. Mimi huinuka nikajiondokea. Nikikaa nitasema, na nikisema nitamtukana mtu, na kwa umri wangu huu matusi hayapendezi. Baba yangu alikuwa mfungwa wa maisha. Aliua kweli, sisemi hakuua. Alidai haki moja tu, na haikuwa ya kutolewa gerezani.

Kwetu ni Kirushya, huko Ngara. Siku hizo za Mwingereza baba alikuwa mkulima wa migomba na maharage, mtu wa misa kila Jumapili, mkali kidogo akishalewa. Jirani yetu wa upande wa bondeni alikuwa rafiki yake tangu utoto wao. Siku moja waligombania mgomba mmoja uliosimama mpakani. Mgomba mmoja, jamani, tena wa ndizi kali za pombe, hata watoto hawazili! Jembe lilikuwa mkononi mwa baba. Alimpiga rafiki yake kichwani mara moja, na yule mtu hakuamka tena.

Baba hakukimbia. Kwetu aliyeua akikimbia ameutupa ukoo wake, lakini akikiri, njia ya mapatano imefunguka. Hutoa ng'ombe, halafu hupika pombe na kuweka mtungi mbele ya ndugu wa marehemu. Hutia mrija, akavuta yeye kwanza, kisha mkono ule ule ulioua humkabidhi mwenye msiba mrija huo, naye akavuta. Kilio hakiishi kwa hilo, lakini damu inakuwa imefungwa. Kabla ya siku hiyo nyumba mbili hizo hazinywi pamoja, hazizikani, hazioleani, wala haziombani moto. Na aliyeua akifa kabla ya kutoa mrija, jambo halizikwi naye. Linamwangukia mwanawe wa kiume.

Kwa hiyo baba alikwenda mwenyewe kwa Mwami, mtawala wetu, akasema, nimeua. Alisema hivyo hivyo kwa polisi waliomchukua kwenda Biharamulo, na hivyo hivyo mbele ya jaji. Alidhani kila anayemwambia anamsogeza karibu na ule mtungi. Jaji alipomwuliza, alijibu, "Ndiyo, niliua, na ng'ombe wako tayari." Mpaka leo sijui mkalimani aliwapeleka wapi ng'ombe hao, maana jaji hakuwauliza. Alimhukumu kunyongwa. Baadaye ikaja habari kwamba Gavana amemwondolea kitanzi na kumpa kifungo cha maisha, na kila mtu akatuambia tumshukuru Mungu.

Tulimshukuru. Lakini nyumbani mambo yalibaki pale pale. Mdogo wa marehemu, ambaye mimi tangu utoto nilimwita baba mdogo, alipita mbele ya ua wetu bila kugeuza shingo. Mama alifunika makaa kwa majivu kila jioni kwa hofu, maana yakizimika asubuhi hakuna wa kutupa mengine. Majirani wote wa karibu walikuwa wa ukoo ule. Kaka yangu alikuwa ameshaposa, na wazazi wa binti wakarudisha jembe la posa bila hata salamu. Nani atamwoza binti yake kwa kijana ambaye huenda kesho akachomwa mkuki? Alikuwa ndiye mtoto wa kiume pekee wa mama yangu.

Padre alimwita baba mdogo akamweleza kwamba baba ametubu na Mungu amekwisha kumsamehe. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, kisha akasema, "Baba Padre, Mungu hakufiwa na kaka." Nilimchukia siku ile. Sasa nimezeeka na sioni alipokosea.

Wafungwa wa maisha walikuwa wakipelekwa magereza makubwa ya mbali, lakini baba aliachwa Biharamulo kwa sababu alijua kufyatua matofali na boma lilikuwa linajengewa nyumba mpya. Mama aliposikia kwamba amekuwa na kikohozi, alimwachia kaka shamba, akanichukua mimi tukahamia huko. Tulipata banda la uani kwa bibi mmoja wa Kiislamu, watu wao walitoka pwani zamani kufuata biashara, marehemu mumewe akiuza nguo na chumvi. Hatukulipa. Tulimtwangia na kumchotea maji. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya kutetemeka, akacheka, "Marahaba, mjukuu wangu. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu, lakini wewe nakupa mchi leo leo." Kiswahili changu chote kilitoka kwenye kinu kile, pamoja na ukali wake.

Baba tulimwona njiani tu, akipita na wenzake kwenda kwenye udongo wa matofali, askari nyuma. Hatukuruhusiwa kusema naye. Mama alikuwa akikohoa ili baba ajue yuko pale, na baba naye akakohoa, ila chake hakikuwa cha kujibu. Kilimkunja mgongo, na kila tulipomwona kilimkunja zaidi. Mama hakulia. Alirudi akatwanga mpaka bibi akamwambia, "Hebu uache huo mtama, umeshakufa."

Siku za ukaguzi Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aliingia gerezani na mkalimani wake, na sisi jamaa tuliruhusiwa kusimama nje ya lango la nondo. Wafungwa walipangwa mstari, wakaulizwa kama yuko mwenye shauri. Mmoja aliomba chumvi. Mmoja alisema blanketi lake limeoza. Halafu baba akatoka mstarini, akapiga goti moja, akasema kwa Kihangaza, lugha yetu, kwamba anataka haki yake. Alisema, nipelekeni kwetu siku moja, na pingu mikononi mkitaka, nikatoe mrija kwa ndugu wa niliyemuua, kisha nirudisheni nifie humu.

Mkalimani alikuwa mtu wa Bukoba, kiatu kinang'aa. Akamgeukia Bwana Shauri, akasema kwa Kiswahili, "Anaomba ruhusa kwenda kwao kunywa pombe."

Askari wakacheka. Hata wafungwa wawili watatu walicheka. Damu ilinipanda, nikashika nondo za lango nikapiga kelele, "Mwongo! Hakusema kunywa! Anataka kulipa! Mwambie Bwana kwamba asipolipa yeye, kaka yangu atauawa!"

Mama alinivuta kanga. Sajini wa gereza alikuja na kiboko chake. Lakini Bwana Shauri aliinua mkono, akaja mpaka langoni, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatika-katika niseme tena. Nikasema yote, mrija, mtungi, moto, kaka. Alisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akasema kwamba baba ameshalipa; kifungo ndiyo malipo yenyewe, na Serikali imemsamehe hata kifo. Anataka nini zaidi?

Baba alitafsiriwa hayo. Akajibu polepole, na safari hii mkalimani alitafsiri neno kwa neno kwa sababu alijua nipo.

"Mwambie Bwana kwamba hicho ninamlipa Mfalme wake. Mfalme sikumwulia mtu."

Mkalimani alimalizia mwenyewe kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini hakuna aliyemsikiliza. Bwana Shauri alitazama chini, akasema mfungwa wa maisha hatoki, sheria haina mlango huo. Halafu, alipokuwa anaondoka, akageuka. "Hao ndugu wakitaka kuonana naye, waje wao hapa. Nitaruhusu."

Jamani, nilivyorukaruka! Mama aliniambia nitulie, lakini na yeye midomo ilikuwa inacheza. Tulifunga safari kesho yake kurudi Kirushya.

Baba mdogo tulimkuta anafunga kamba za migomba. Hatukuingia uani kwake, hatukuwa na haki hiyo. Tulisimama njiani, mama akapiga magoti kwenye vumbi, mimi nyuma yake. Mama alisema, mume wangu anakohoa, hatamaliza mvua hizi. Wamekataa kumtoa, bali wamesema ninyi mwaweza kwenda. Njoo upokee mrija wako.

Baba mdogo alikaza kwanza kamba aliyoishika. "Nikipewa mrija, nitavuta," akasema. "Wazee watanilaumu kwamba nimeufuata, lakini nitavuta. Mimi mtoto wenu sitaki kumwua. Nimembeba mgongoni yule. Ila baba yake akifa bila hilo, wazee wataniuliza mkuki wangu unafanya nini ukutani, na mimi sitakuwa na jibu." Aliapa kwamba mpaka turudi hakuna atakayemgusa kaka, akachukua kibuyu chake na mkuki, akatutangulia.

Siku zote za njiani alitembea mbele, sisi nyuma. Tulipolala, yeye aliwasha moto wake na sisi tukawasha wetu, hatua chache kati. Pale Nyakahura wasafiri wenye ng'ombe walituona, wakacheka, "Hawa wamegombana nini? Msitu una simba, na wao wanagawana kuni!" Mama aliwaambia kwa upole kwamba tukirudi watatukuta na moto mmoja. Alilisema hilo mara nyingi katika safari ile, mpaka mimi nami nikawa nauona moto huo, na sisi watatu tumeuzunguka, tunachoma mahindi.

Pombe haikuweza kutoka Kirushya, ingechacha na kumwagika njiani. Ilibidi ipikwe Biharamulo, nasi hatukuwa na pa kupikia isipokuwa uani kwa bibi, Mwislamu ambaye hata aliyekunywa jana alimkataza kukaa kwenye mkeka wake. Nilimweleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Alitafuna tambuu yake. Mwisho akasema, "Nyumba hii haijaingia kileo tangu nilipoolewa." Nikaona basi, yamekwisha. Akaendelea, "Mimi kesho naenda kwa wifi yangu, nitakaa huko siku kadhaa. Nisiyoyaona siulizwi. Nikirudi nisikute hata harufu."

Asubuhi alipoondoka tulikuta mtungi wake mkubwa wa maji mlangoni mwa banda letu, umeoshwa ndani na nje.

Mama alinunua ndizi sokoni, akazifukia ziive, akazikamua kwa majani, akachanganya mtama aliokaanga. Baba mdogo alikuja kila siku akasimama mbali kuangalia, maana lazima ajue kilichomo. Siku ilipokuwa tayari alinusa, akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Mama alikata mrija mmoja mrefu, akaulainisha ncha kwa kisu ili usimkwaruze baba midomo. Niliubeba mtungi kichwani mpaka gerezani na shingo haikuniuma hata kidogo.

Bwana Shauri hakuwapo. Alikuwa amesafiri, na kwa ujinga wa dunia hii, alikuwa ameelekea Ngara, huko huko tulikotoka. Lakini alikuwa ameacha neno, na sajini alilikiri. Alimtoa baba akamleta langoni, ndani ya nondo. Baba alikuwa amebaki mifupa. Alipomwona baba mdogo alishika ukuta.

Nikautua mtungi chini. Sajini akauliza ni nini, nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Kileo hakiingii gerezani."

"Si cha kuingia, afande," nikasema. "Utabaki nje. Mrija tu ndio utapita kwenye nondo, avute mara moja."

"Mfungwa hapewi kileo. Niliambiwa watu. Sikuambiwa mtungi."

Nilimsihi. Nilimwita baba, nilimwita bwana mkubwa, nilimwambia amlete mkalimani, amlete Padre, amlete yeyote. Mama alimshika miguu. Sijui kama aliogopa kazi yake au alichoshwa na kelele, na siku hizi sijali tena. Alitoa kirungu, akauinamisha mtungi wa bibi kwa mguu taratibu, kama mtu anayemwaga maji ya kuoshea vyombo. Hakuuvunja. Pombe yote ikaenda chini, ikatambaa mpaka chini ya lango.

Baba alipiga magoti. Alipenyeza mkono katikati ya nondo, akauchota ule udongo uliolowa, akautia mdomoni. Aliumeza, niliona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akachota mwingine, kwa mkono ule ule wa jembe, akaunyosha nje kwa baba mdogo.

"Pokea," akasema. "Ndicho nilicho nacho. Pokea, ndugu yangu."

Baba mdogo naye alipiga magoti. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa hajamgusa baba tangu msiba. Nikasema moyoni, tia mdomoni, tia, tia, Mama Bikira Maria, afanye kutia tu. Baba mdogo aliutazama udongo, machozi yakimtoka mpaka kidevuni.

"Huu ni udongo," akasema. "Udongo tulishampa kaka."

Akauachia mkono. Sajini akamrudisha baba ndani, naye alikwenda akigeuka-geuka, na mkono umebaki umenyooshwa vile vile, udongo ndani yake. Hatukumwona tena.

Nilirudisha mtungi kwa bibi. Alikuwa amekwisha kurudi kwake, akaniangalia usoni na hakuuliza habari. Aliuliza, "Umevunjika?" Nikasema haukuvunjika. "Basi, mwanangu," akasema, akanikumbatia pale pale, na harufu ile yote nguoni mwangu. Nililia mpaka nikatapika.

Tulirudi Kirushya sisi watatu, baba mdogo mbele, sisi nyuma. Nyakahura mvua ilitukuta alasiri, mvua ya upepo. Tulijibanza chini ya vibanda viwili vya majani walivyoviacha wachungaji. Baba mdogo alipata kuni kavu ndani ya chake, moto wake ukashika. Zetu zilikuwa zimelowa. Nilisugua, nikapuliza, macho yakaniwasha, wapi. Mama alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, na homa imeshaanza kumpanda.

Nikaenda kwake. Nilijua siruhusiwi. Nilisimama mvuani nje ya kibanda chake nikasema, "Baba mdogo, nipe moto. Si kwa ajili yangu. Mama atakufa."

Aliniangalia. Alikuwa ameweka viganja vyake karibu na miali, anaota. Nikaona mkono wake ukielekea kwenye kinga lililowaka, ukalishika, ukalinyanyua kidogo. Kisha ukalirudisha.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kuniita nikale kwake. "Si mimi ninayekunyima."

Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumng'ata. Lakini alikuwa ameshainuka. Aliyatenga makuni yake moja moja, akayasukumia nje kwenye mvua kwa mguu, yakalia na kufuka moshi mpaka yote yakazimika. Makaa yaliyobaki aliyamwagia maji ya kibuyu chake. Kisha akakaa chini, akajikunyata mikono mapajani, uso ametugeuzia, akatetemeka kama sisi.

Tulikaa hivyo mpaka kukapambazuka, vibanda viwili, hakuna moto.

Mama hakufa. Alitembea njia iliyobaki akinishika bega, na ule moto mmoja hakuutaja tena. Kwenye njia panda ya nyumbani baba mdogo alisimama. Bila kututazama alisema kwamba habari za gerezani huwa zinachelewa kufika huku, na kwamba yeye atakuwa na kazi nyingi shambani, hataangalia njia ya mtoni, ya kuvukia mpaka. Akaenda zake.

Kaka alitoka kutupokea, anafurahi, akitaka kujua. Alikuwa ameshapalilia maharage yote. Mama hakuketi, hakunywa hata maji. Alimshika mashavu, akamtazama vizuri, kisha akamwambia, "Funga mzigo wako, baba. Unavuka Rusumo leo."